Kyebando: Ushahidi Uliomo Katika Vitabu vya Watoto

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Kampala akishika njia ya kaskazini hupita Wandegeya, huuacha mlima wa Mulago na hospitali yake kuu mkono wa kulia, kisha huteremka bondeni mpaka Kalerwe, penye soko la ndizi, mboga na kila kiliwacho. Hapo akikunja kulia, jirani na ile barabara kuu ya kuzunguka jiji iliyofunguliwa mwaka 2009, ataingia Kyebando. Ni sehemu ya tarafa ya Kawempe, nayo imegawanyika katika vitongoji vyenye majina ambayo mgeni huyakariri kwa furaha: Kisalosalo, Erisa, Nsooba. Hili la mwisho ni pia jina la mfereji mkubwa upokeao maji ya mvua ya milimani, na mvua ikizidi kipimo maji hayo hayaulizi mlango wa nani.

Kyebando si mahali ambapo wageni hupelekwa kutembezwa. Hakuna makaburi ya wafalme kama yale ya Kasubi, wala hekalu, wala sanamu ya shujaa. Kuna nyumba za kupanga zilizobanana, maduka ya rejareja, vijana wa bodaboda, mafundi cherehani, vinyozi waliochorewa vichwa vya watu mlangoni, na shule za chekechea. Shule hizo ni nyingi. Mimi nilifika huko kwa shughuli za ofisi zilizochukua wiki mbili, na kwa kuwa nina cheti cha ualimu, ingawa siku hizi kazi yangu ni ya mezani, macho yangu yalikwenda kwenye kuta za shule kabla ya kwenda mahali pengine popote.

Kuta hizo zimechorwa tangu chini mpaka darini. Herufi ya kwanza ya alfabeti ya Kiingereza imechorewa tofaa jekundu, tunda ambalo haliwi katika ua hata mmoja wa Kyebando, ilhali nyuma ya ukuta huohuo umesimama mfenesi uliojaa mafenesi makubwa kama mito ya kulalia. Panya maarufu wa sinema za Marekani, Mickey Mouse, anacheka karibu na choo. Pana askari wa barabarani mwenye sare nyeupe, mkono umeinuliwa. Pana muuguzi, mwalimu na mwanajeshi, wote chini ya maneno yasemayo kwamba hawa ndio watu watusaidiao. Pana simu ya mezani, ya lile gurudumu la kuzungushwa kwa kidole. Nilimuuliza mtoto mmoja aliyekuwa akichezea mchanga chini ya picha hiyo kama anajua ni kitu gani. Alitazama kwa makini, akajibu kwamba ni mzani.

Jibu hilo lilinikalia kichwani siku nzima. Mchoraji wa ukuta ule, kwa umri wake, yawezekana naye hakupata kuitumia simu ya namna ile. Aliinakili kutoka katika chati ya karatasi inayouzwa barabarani, na aliyeichora chati aliinakili kutoka katika kitabu, na kitabu kilitokana na kitabu kingine cha zamani zaidi. Hivyo simu imeendelea kukaa ukutani baada ya kutoweka katika nyumba. Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni askari polisi, bila shaka umekwisha kutambua tunakoelekea. Shahidi aliyeletwa mahakamani huja amejiandaa. Amevaa vizuri na ameyapima maneno yake. Lakini nyayo zilizoachwa dirishani, kitufe cha shati kilichoangukia sakafuni, tiketi ya basi iliyosahauliwa mfukoni, hivyo havikuandaliwa na mtu ili vishuhudie, na kwa sababu hiyohiyo vina uzito. Picha za vitabu vya watoto, nyimbo za dansi, katuni za magazetini, vibao vya maduka na maneno ya mitaani ni ushahidi wa aina hiyo katika mambo ya historia. Aliyevitengeneza alitaka kuchekesha, kufundisha herufi au kuuza sabuni. Hakukusudia kutuambia watu wa zama zake waliishije, naye akatuambia.

Si kwamba ushahidi huo husema kweli daima. Tofaa la ukutani halithibitishi kwamba watoto wa Kyebando walikula matofaa. Linathibitisha kwamba wazazi wao walilipa karo ili watoto wafundishwe kwa lugha na picha za mbali, na hali hii iliendelea hata baada ya mwaka 2007, serikali ya Uganda ilipoanzisha mtaala wa kufundisha madarasa ya chini kwa lugha za nyumbani. Hata uongo wa mtuhumiwa, ukichunguzwa vizuri, humweleza mpelelezi kitu fulani kuhusu huyo mtuhumiwa.

Mfano mzuri kuliko yote niujuao umo katika vitabu vya Barbara Kimenye. Mama huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akaolewa na mtu wa Bukoba, akaishi huko kando ya Ziwa Viktoria, kisha akahamia Uganda na kufanya kazi katika serikali ya Kabaka. Alifariki mwaka 2012. Vitabu vyake viwili kuhusu kijiji cha kubuniwa cha Kalasanda vilitoka mwaka 1965 na 1966. Lakini kilichompeleka katika kila shule ya Afrika Mashariki ni mfululizo wa vitabu vya mvulana mtundu aitwaye Moses, ulioanza katika miaka hiyohiyo ya 1960. Moses na wenzake wanasoma bweni katika shule yenye jina refu kupita majengo yake: Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Wana wa Mabwana wa Kiafrika. Watoto husoma wakacheka, nao wana haki ya kucheka. Mtu mzima akisoma upya ataona jambo jingine. Ripoti za wizara zitakupa idadi ya shule na idadi ya wanafunzi. Hazitakuambia kwamba baada ya uhuru nafasi katika shule nzuri zilikuwa chache na hamu ya elimu ilikuwa kubwa, hata mwenye nyumba chakavu aliweza kubandika kibao mlangoni, akajiita mkuu wa taasisi, na wazazi wakaleta ada. Kitabu cha utani kinakuambia. Kisha toka nje, tembea Kisalosalo, usome vibao vya chekechea vyenye majina ya Kiingereza yenye fahari, vingine vikining'inia juu ya mabanda ya mabati, nawe utajua kwamba Mukibi hakufa.

Maneno ya mitaani nayo ni ushahidi, na kwa sisi wasemaji wa Kiswahili Kampala ina hazina ya kushangaza. Watu wengi hapa husema Kiganda, na Kiswahili wamekihusisha kwa miaka mingi na kambi na kituo cha polisi. Basi tazama ni maneno gani yaliyovuka ukuta wa kambi yakaingia sokoni. Baada ya Idi Amin kutangaza mwezi Agosti 1972 kwamba Waasia waondoke nchini kwa muda wa siku 90, waliogawiwa maduka yao na kunenepa kwa haraka waliitwa mafutamingi. Bidhaa zilipoadimika, biashara ikaitwa magendo. Majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalipoiteka Kampala mwezi Aprili 1979, wenyeji waliyaita bakombozi, yaani wakombozi, kwa kulivika neno letu vazi la Kiganda. Kisha katika miaka ya mwanzo ya 1980 likaja neno panda gari: misako ambayo watu walikusanywa mitaani, wakaamriwa kupanda malori, na baadhi yao hawakurudi. Maneno manne, nayo yanatosha kuandika sura nne za kitabu cha historia. Inafaa pia tukumbuke, sisi tunaokipenda Kiswahili na kufurahi kwamba mwaka 2022 serikali ya Uganda iliamua kifundishwe shuleni kwa lazima, kwamba yako masikio katika mtaa kama Kyebando ambayo yalikisikia kwanza kwa sauti ya amri.

Kutoka Kyebando hadi Makumbusho ya Uganda si mwendo mrefu. Unapita Kamwokya, unatokea barabara ya Kira. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1908, na jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 1954. Kuna ngoma, zeze na makondere, na mwenye bahati huwakuta wapigaji. Mwaka 2019 ukumbi wake ulipokea maonyesho ya picha za utawala wa Amin, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali na kuhifadhiwa katika shirika la utangazaji la taifa. Negativu zilizokutwa huko zilikuwa takribani 70,000, nyingi hazijapata kusafishwa ziwe picha. Ni hazina isiyokadirika thamani. Hata hivyo waandaaji wenyewe walitambua upungufu wake: jukwaa limo, gwaride limo, mkutano na mabalozi umo, lakini waliopotea hawamo, kwa sababu mpiga picha wa serikali hakutumwa huko. Ndipo walipotafuta picha za waliouawa na kuziweka karibu na zile nyingine. Kamera ya serikali ilielekezwa mahali palipotakiwa, na sehemu kubwa ya maisha ya watu ilibaki nyuma ya mgongo wa mpiga picha.

Sasa, kilichobaki nyuma ya mgongo huo kinatunzwa na nani? Jibu linasikitisha. Siku moja jioni nilinunua karanga pale Kalerwe. Mama muuzaji alizifunga katika karatasi aliyoizungusha kwa ustadi ikawa pembe. Nilipomaliza kula niliikunjua. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha kusomea cha watoto: baba ameketi kitini na gazeti, mama anapika, msichana anafagia, mvulana anapiga mpira. Mafuta ya karanga yalikuwa yamekwisha kumla mama nusu. Simlaumu muuzaji, kwa kuwa karatasi ni mali yake na karanga lazima zifungwe. Lakini pale mkononi mwangu palikuwa na picha nzima ya jinsi taifa lilivyotaka nyumba iwe, na ilikuwa njiani kwenda jalalani.

Na si karatasi tu. Upande wa pili wa jiji, kusini magharibi, katika mtaa wa Wakaliga, fundi mmoja wa filamu aitwaye Isaac Nabwana alitengeneza kwa fedha kidogo mno sinema ya mapigano inayoitwa "Who Killed Captain Alex?", iliyotoka mwaka 2010. Wanajeshi wanapambana na majambazi, helikopta zinaruka, damu inamwagika, na watazamaji wanavunjika mbavu kwa kicheko. Leo inatazamwa na mamilioni duniani. Lakini nakala yake ya asili haipo tena. Ilifutwa ili ipatikane nafasi ya kutengenezea filamu iliyofuata. Iliyosalia ni ile yenye sauti ya mfasiri wa vibanda vya video, yule anayesimulia na kutania juu ya picha kama ilivyo desturi ya vibanda vya Kampala. Kwa mwanahistoria hiyo ni bahati ndani ya hasara, maana pamoja na filamu tunasikia namna ilivyosimuliwa kibandani. Hatuwezi kutegemea bahati ya namna hiyo kila mara.

Waganda wenyewe, hasa akina mama, wametoa mfano wa kutotegemea bahati. Ukimwi ulipokuwa ukizimaliza nyumba, na hospitali ya Mulago hapo jirani ikiwa imejaa, lilianzishwa mwaka 1987 shirika la TASO la kuwasaidia wagonjwa na familia zao. Na mwaka 1992 wanawake wenye virusi waliunda jumuiya yao iitwayo NACWOLA. Katika miaka ya mwisho ya 1990 jumuiya hiyo ilieneza desturi ya vitabu vya kumbukumbu. Mama aliyejua kwamba huenda asiwaone wanawe wakikua alikaa na mtoto, wakatengeneza kitabu kwa mikono yao: ulizaliwa wapi na siku gani, neno lako la kwanza lilikuwa nini, ukoo wetu ni upi, shangazi zako wanakaa wapi, shamba la babu linapakana na nani. Palipo na picha, walibandika. Pasipo na picha, walichora. Dawa za kurefusha maisha zilipopatikana, wapo akina mama walioishi wakavisoma vitabu hivyo pamoja na watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Sijui kitabu cha watoto chenye kazi nzito kuliko hicho. Naye mtafiti atakayetaka kujua Uganda ya miaka ile ilikuwaje ndani ya nyumba, asianze na takwimu.

Watoto nao wamekwisha kuwa mashahidi kwa kalamu zao. Mwaka 1987 kilichapishwa kitabu kuhusu vita, ghasia na watoto wa Uganda, kilichohaririwa na Cole Dodge na Magne Raundalen. Humo mna insha ambazo watoto wa shule waliandika juu ya vita waliyoiona. Hizo zilipata bahati ya kupigwa chapa. Nyingine ziko katika masanduku.

Moja la masanduku hayo nililiona Kyebando, kwa sajini mstaafu wa polisi aliyekuwa jirani yangu kwa wiki zile mbili. Kiswahili chake ni kile cha kambini, kisichojali sana ngeli, nami nilikifurahia kuliko vile vya vitabuni. Aliposikia kwamba nilipata kuwa mwalimu, akawa ananiita hivyohivyo, "mwalimu", na mimi nikimwita "mzee". Sanduku ni la bati, rangi ya kijani, lenye namba yake ya uaskari ubavuni. Limehama naye kambi baada ya kambi. Ndani mlikuwa na madaftari ya watoto wake na baadhi ya wajukuu. Zamani lilijaa. Mafuriko ya bondeni yaliharibu ya chini, na nusu ya yaliyosalia alikuwa amekwisha kumpa muuza karanga, kwa kuwa mkewe hayupo tena na haoni, alisema, nani atayasoma.

Tuliyapitia pamoja barazani. Daftari la mjukuu mmoja linakwenda vizuri mpaka mwezi Machi 2020, kisha mistari mitupu, kisha linaendelea mwezi Januari 2022 kwa mwandiko mwingine kabisa, mkubwa na wa haraka. Huo ndio muda shule za Uganda zilipofungwa kwa sababu ya korona, kwa muda mrefu kuliko nchi yoyote nyingine, isipokuwa madarasa machache yaliyofunguliwa katikati. Katika daftari lile kufungwa huko kumechukua nusu ukurasa mweupe.

Chini yake palikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ni mchoro wa binti yake alipokuwa na miaka minane. Kuna lori, magurudumu yake sita yamechorwa kwa uangalifu mkubwa. Kuna watu wanalipanda, mikono juu, nao hawana viatu. Pembeni kuna beseni limepinduka na vitu vyekundu vya mviringo vimetawanyika barabarani. Nilidhani ni mpira. Mzee alisema ni nyanya, za mwanamke aliyekuwa akiuza kando ya njia ya kwenda shule. Nyuma ya karatasi mama wa mtoto aliandika kwa kalamu ya risasi mwezi na mwaka, 1982, na jina la kambi waliyokuwa wakikaa.

Nilitazama kwa muda bila kusema neno. Mzee mwenyewe alikuwa kazini mwaka huo, mwenye sare, na hakuna kati yetu aliyehitaji kuambiwa. Mwishowe alisema kwamba hakuwahi kumuuliza binti yake aliona nini. Mama yake ndiye aliyeuliza. Mpelelezi makini angesema mtoto huenda aliyachanganya aliyoyaona na aliyoyasikia, nami nakubali. Lakini nyanya zile hazimo katika ripoti yoyote niliyopata kuisoma juu ya miaka ile, na tarehe iliyo nyuma ndiyo iliyoifanya karatasi kuwa kielelezo. Bila maandishi yale ya mama ungekuwa mchoro wa lori tu.

Kwa hiyo naziomba familia za kambini, ambazo huhama mara kwa mara na kwa notisi fupi, zisifanye usafi wa uhamisho kwa haraka. Kabla ya kutupa, chagua. Si lazima kutunza madaftari yote ya watoto watano. Chukua moja kwa kila mtoto kwa kila hatua, pamoja na kitabu kimoja cha picha alichokipenda, hata kama kimechanika. Andika nyuma kwa kalamu ya risasi, taratibu bila kukandamiza, jina la mtoto, mahali, mwezi na mwaka, na ni nani wanaoonekana pichani. Wino wa kalamu ya kawaida hupenya na kuharibu upande wa pili. Usibandike kwa gundi wala utepe wa plastiki, maana baada ya miaka michache hugeuka rangi na kuula mchoro. Picha za kamera zitenganishwe kwa karatasi safi zisigandane. Usifunge katika mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, kwani unyevu ukiingia hautoki. Sanduku la bati lafaa sana, likiwekwa juu ya matofali mbali na sakafu na ukuta, ili mchwa na maji yasilifikie kwa urahisi, na lifunguliwe kila baada ya masika likaguliwe. Kanga zenye maandishi ya sherehe, kadi za mialiko, kalenda za ukutani na kaseti za zamani zinastahili heshima hiyohiyo.

Nilimshauri mzee aupeleke mchoro ule makumbusho, kwa kuwa ni karibu na kuna watu wanaojua kutunza karatasi. Alikataa katakata. "Hii si mali yangu, mwalimu," alisema. "Ni ya mtoto. Yuko Jinja, ana watoto wake. Mimi nitamuuliza kwanza." Kisha aliikunja karatasi mara nne kama ilivyokuwa, akairudisha chini ya madaftari, na jioni ile muuza karanga alipopita akamwambia kwamba hakuna karatasi tena.